Corolla 110 inazima kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) injini ikishapata moto: pampu, plagi na nozeli zimeshughulikiwa, tatizo liko palepale

mwenye_110

Wakuu, nawasalimu. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A-FE, giaboksi ya otomatiki, na huu ni mwaka wa tisa nikiwa nayo hapa Dar es Salaam. Kwa miezi minne sasa ina ugonjwa ambao mafundi wanne wameshindwa kuutibu.

Asubuhi gari linawaka kwa starti moja na kutulia bila shida. Baada ya mwendo wa dakika ishirini hivi, nikiingia kwenye foleni ya Barabara ya Mandela na kusimama nikiwa gia D, sailensa huanza kushuka polepole, injini hutetemeka, taa za dashibodi huwaka na gari linazima. Nikipiga starti linawaka tena, ingawa mara nyingine ni lazima nikanyage mafuta kidogo ndipo likubali. Nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa sioni kasoro yoyote, na hilo ndilo linalonichanganya, kwa sababu sielewi ni vipi injini iwe nzima ikikimbia halafu iwe mgonjwa ikipumzika.

Fundi wa kwanza alibadilisha pampu ya mafuta. Wa pili akabadilisha plagi na waya zake. Wa tatu akafungua nozeli na kuziosha. Wa nne alichukua bisibisi, akageuza skrubu kwenye throto (mlango wa hewa wa injini) mpaka sailensa ikapanda, na kwa wiki tatu gari halikuzima hata mara moja. Sasa limerudia kuzima, na juu ya hayo nikiweka D linajivuta lenyewe kiasi kwamba natembea mguu ukiwa kwenye breki muda wote. Kabla sijatoa pesa nyingine, naomba ushauri wa mahali pa kuanzia.

fundi_mstaafu

Ndugu yangu, pole. Kabla ya kutaja kifaa chochote ningependa ujibu maswali machache, kwa maana gari linalozima kwenye sailensa hujieleza lenyewe kwa namna linavyozima, na mafundi wako wote wanne, kwa maelezo uliyotoa, hawakuuliza.

Je, linazima ghafla kama lililofungwa kwa ufunguo, au linadhoofika kwanza? Umesema linashuka polepole, lakini nataka uwe na uhakika. Injini inayokatika ghafla hunipeleka kwenye umeme: koili, moduli ya kuwashia (igniter) iliyomo kwenye distributa, rilei kuu, swichi ya ufunguo iliyolika. Injini inayodhoofika, ikatetemeka, ndipo ikafa, hunipeleka kwenye hewa au petroli. Si sheria isiyo na kasoro, ila imeniokolea saa nyingi.

La pili, linapozima na kuwaka tena, je, unasikia harufu ya petroli, au moshi wa bomba la nyuma una rangi nyeusi? La tatu, plagi zilipotolewa zilikuwa na rangi gani? La nne, ukizima AC tatizo linapungua? La tano, ukihamisha gia kutoka D kwenda N mara tu sailensa inapoanza kushuka, je, injini inapona?

Kuhusu skrubu iliyogeuzwa, hapo nitakuwa mkali kidogo. Skrubu ile ya kuzuia kipepeo cha throto imewekwa kiwandani, na si ya kurekebishia sailensa. Kipepeo kikibaki wazi kidogo, swichi ya sailensa iliyomo ndani ya sensa ya throto haifungi, na kompyuta ya injini inadhani mguu wako uko kwenye pedali. Kuanzia hapo inaacha kabisa kuisimamia sailensa kupitia vali ya sailensa. Kwa maneno mengine, fundi wa nne aliongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, na wiki tatu za nafuu zilitokana na injini kupewa hewa ya ziada kwa mlango wa nyuma.

mwenye_110

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante. Nimelijaribu gari leo jioni nikiwa na mwenzangu pembeni akiandika.

Linadhoofika kwanza, linachukua sekunde tano hadi nane kati ya kuanza kushuka na kuzima. Harufu ya petroli ipo, na mke wangu alishalalamika kuhusu hilo muda mrefu, mimi nikidhani ni gari la mbele yetu. Plagi mpya zina miezi miwili tu na tayari ni nyeusi tii, zimefunikwa masizi makavu, zote nne sawasawa. AC ikizimwa gari linachelewa kuzima lakini bado linazima. Nikiweka N wakati sailensa inashuka, mara nyingi linapona.

Taa ya injini kwenye dashibodi haijawahi kuwaka injini ikiwa inaunguruma.

wa_KE70

Mimi bado naendesha Corolla KE70 yenye injini ya 4K, gari la kabureta, na nimepata ugonjwa unaofanana na huu mara mbili. Kwangu mara zote ilikuwa ni kijia kidogo cha petroli ya sailensa ndani ya kabureta kuziba kwa uchafu, na mara moja ilikuwa ni ile solenoidi inayokata petroli ya sailensa ufunguo unapozimwa. Ukifungua ufunguo bila kupiga starti unapaswa kuisikia ikigonga "tik". Ikikaa kimya, injini itakimbia vizuri barabarani na kufa kila unapoachia pedali. Najua gari la mleta uzi halina kabureta, nayaandika kwa ajili ya wenzangu wa magari ya zamani zaidi watakaopita hapa.

spea_na_bei

Mkuu, usijitese. Vali ya sailensa ya 5A-FE inapatikana mtaa wa Gerezani hapo Dar ikiwa imetumika, nunua, funga, maliza. Ikishindikana badilisha kontrol boksi (kompyuta ya injini), nayo ipo. Hayo magari yamezeeka na vifaa vyake vimezeeka.

fundi_mstaafu

Ndugu spea_na_bei, vali ya sailensa ni mtuhumiwa halali na sikatai kwamba huchafuka. Imekaa chini ya throto, inapitisha hewa inayozunguka kipepeo, na masizi yakijaa ndani yake kile kilango cha kuzunguka hukwama. Lakini tazama ushahidi. Vali iliyokwama inainyima injini hewa, na katika mfumo huu kompyuta hupunguza petroli kulingana na presha iliyomo kwenye manifoldi (bomba linaloipeleka hewa kwenye silinda), hivyo hewa ikipungua na petroli nayo hupungua. Haitoi plagi nne nyeusi tii ndani ya miezi miwili. Mleta uzi ana injini inayolishwa petroli kupita kiasi, tena inazidishiwa zaidi ikiwa kwenye sailensa. Tumfuate huyo anayeizidishia.

Niongeze jambo ambalo wengi hulikosea. Watu wakisikia "gari linavuta hewa" hudhani dalili ni zile zile kwa kila gari. Magari yenye sensa ya kupima mtiririko wa hewa baada ya chujio, kama yale yenye injini ya 1NZ-FE yaliyokuja baadaye, mpira ukipasuka kati ya sensa hiyo na throto hewa huingia bila kuhesabiwa, mchanganyiko unakuwa mkavu (petroli kidogo kuliko hewa), na injini hutetemeka au kuzima. Injini yako haina sensa ya namna hiyo. Inatumia sensa ya MAP, ambayo hupima presha ndani ya manifoldi kupitia mpira mwembamba. Hewa ikiingia kwa wizi kwenye manifoldi ya injini hii, sensa inaiona kama presha iliyopanda, kompyuta inaongeza petroli, na matokeo ya kawaida ni sailensa kupanda au kupanda na kushuka, si kuzima. Kwa hiyo huyu anayezima na kutoa harufu ya petroli hafanani na uvujaji wa kawaida wa manifoldi.

Watuhumiwa wangu ni watatu. Wa kwanza ni sensa ya joto la maji, ikiwa inaidanganya kompyuta kwamba injini bado ya baridi. Wa pili ni rekuleta ya presha ya petroli, ikiwa imepasuka ngozi ya ndani na kuvuja petroli kupitia mpira wake wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini). Wa tatu ni sensa ya MAP au mpira wake.

Kabla ya yote, rudisha ile skrubu ya kipepeo mahali pake. Kisha tafuta kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, kimeandikwa DIAGNOSTIC kwenye kifuniko. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua ufunguo bila kuwasha injini, uhesabu jinsi taa ya injini inavyowaka na kuzimika. Ikiwaka na kuzimika haraka bila kusita, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikiwaka mara mbili, ikasita, ikawaka mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Mara tatu kisha mara moja ni 31, sensa ya MAP. Mara nne kisha mara moja ni 41, sensa ya throto. Usikosee tundu, soma herufi kwa tochi.

mwenye_110

Nimefanya kama ulivyoelekeza. Taa inawaka na kuzimika haraka bila kusita, yaani hakuna kosa lolote. Nakiri nimevunjika moyo, maana nilitarajia kompyuta ingenitajia mkosaji.

Sensa ya joto la maji nimeipima kwa mita ya umeme: injini ikiwa ya baridi asubuhi ilisoma kiloomu 2.1, na injini ikiwa ya moto ikasoma kiloomu 0.3. Mpira wa vakyumu wa rekuleta nimeuchomoa na kuunusa, ni mkavu na hauna petroli.

fundi_mstaafu

Usivunjike moyo. Umekwisha kuondoa watuhumiwa wawili kati ya watatu bila kutumia hata shilingi moja. Sensa ya joto ya gari hilo inapaswa kuwa kati ya kiloomu 2 na 3 kwenye nyuzi joto 20, na kati ya 0.2 na 0.4 kwenye nyuzi 80, kwa hiyo ni nzima.

Kuhusu kompyuta kukosa kosa: mifumo hii ya miaka ya 1990 humtambua shahidi aliyenyamaza, haimtambui shahidi mwongo. Kosa la 31 huhifadhiwa pale waya wa sensa unapokatika au kugusa bodi. Sensa ikileta namba inayowezekana lakini isiyo ya kweli, kompyuta huipokea na kuifanyia kazi.

Sasa pima sensa ya MAP. Iko kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini, ina plagi ya waya tatu na mpira mwembamba. Pima volti kati ya waya wa PIM (unaopeleka taarifa ya sensa) na waya wa E2 (wa ardhi). Ufunguo ukiwa wazi na injini haijawashwa, mahali palipo usawa wa bahari utapata kati ya 3.3 na 3.9. Ukiwasha injini volti hizo zinapaswa kushuka kwa karibu 2 nzima. Usitoe mita, liache gari liungurume mpaka lipate moto na uangalie namba hiyo inakwenda wapi.

juu_Arusha

Naomba niongezee kwa sisi tunaoishi juu. Arusha iko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo kipimo cha ufunguo wazi kitasoma pungufu ya hicho cha Dar bila sensa kuwa na ubaya wowote. Vivyo hivyo kwa wanaotumia saa ya vakyumu: injini nzima ya Dar husoma inchi 17 hadi 22 za zebaki kwenye sailensa, na hupungua kama inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Mwaka jana niliambiwa kwamba ringi za gari langu zimekwisha kwa sababu saa ilisoma inchi 15. Nilikaribia kushusha injini.

mwenye_110

Wakuu, nadhani nimempata.

Ufunguo wazi, injini imezimwa: 3.6. Baada ya kuwasha, injini ya baridi na sailensa ya juu: 1.7, yaani imeshuka kwa 1.9. Nikaliacha liungurume huku AC ikiwa imewashwa. Dakika ya kumi na tano ikawa 1.8. Dakika ya ishirini ikafika 2.1, harufu ya petroli ikaanza, sailensa ikaanza kuyumba. Ilipogusa 2.3 gari likazima.

Nikaufuata ule mpira kwa vidole kutoka kwenye sensa hadi kwenye manifoldi. Kwenye ncha ya manifoldi, pale unapoingia kwenye kijibomba cha chuma, umekauka na kuwa mgumu kama plastiki, na upande wa chini, ambao hauonekani ukisimama mbele ya gari, una ufa wa urefu wa nusu kidole. Ukiwa wa baridi ufa umefumba. Nilipoukunja kidogo kwa mkono ukafunguka kama mdomo.

Ninachoomba kueleweshwa ni kwa nini gari lilikuwa zima barabarani.

fundi_mstaafu

Hapo ndipo pana utamu wa jambo lenyewe. Injini ikiwa kwenye sailensa, kipepeo kimefungwa na pistoni zinavuta, hivyo presha ndani ya manifoldi ni kama theluthi moja tu ya presha ya hewa ya nje. Tofauti kati ya ndani na nje ni kubwa mno, na ufa wowote kwenye mpira wa sensa unaiingiza hewa ya nje kwa nguvu. Sensa inapata presha iliyo katikati, si ya manifoldi wala si ya nje, kompyuta inaamini umekanyaga mafuta, na nozeli zinamwaga petroli ambayo injini haina hewa ya kuiunguza. Ukiwa barabarani umekanyaga pedali, kipepeo kimefunguka, presha ya ndani imekaribia ile ya nje, na ufa ule ule hauna cha kuharibu kwa sababu pande zote mbili zinakaribiana. Hata hiyo N iliyokuwa ikiliponya inaelezeka: giaboksi ilikuwa mzigo ambao injini iliyosongwa na petroli haikuweza kuubeba.

Joto ndilo lililokuwa linaulegeza mpira na kuufungua ufa. Ndiyo maana kila fundi uliyempelekea gari asubuhi aliliona ni zima.

Kata mpira mpya wa vakyumu wa kipenyo kile kile, usiweke mpira wa kuoshea kioo, maana ule laini hunywea ukivutwa na utakuletea ugonjwa mwingine. Kama kuna kichujio kidogo cha plastiki katikati ya mpira, kirudishe kikiangalia upande ule ule.

makanika_Mombasa

Hongera kwa subira. Mimi ningependa kuongeza visa vitatu ninavyokutana navyo gereji mara kwa mara ili mwenye gari linalozima kwa namna nyingine asije akafuata mpira wa MAP bure.

Gari likizima pale unapokata usukani ukiwa umesimama, tazama kifaa cha kuongeza sailensa kwenye pampu ya usukani. Toyota nyingi za wakati huo zina kivali kidogo kwenye pampu chenye mipira miwili inayokwenda upande wa hewa. Kikiharibika, ama sailensa haipandi usukani unapoelemewa, ama mafuta ya usukani yanavutwa na injini na bomba linatoa moshi mweupe wa bluu.

Likizima usiku taa na feni zikiwa zimewashwa lakini mchana ni zima, pima alteneta kabla ya kitu kingine. Injini ikiunguruma betri inapaswa kupata kati ya volti 13.5 na 14.5 au karibu na hapo.

Na kwa otomatiki, kuna kisa kinachowatesa watu: gari linazima kila linaposimama, tena kwa mtikisiko kama la manyuo lililosimamishwa bila kukanyaga klachi, hasa baada ya mwendo mrefu. Hiyo si injini. Ni klachi ya ndani ya tokyu (kifaa kinachounganisha injini na giaboksi ya otomatiki) iliyokataa kuachia. Nimewahi kuona mtu amefungua throto mara tatu kwa ugonjwa wa giaboksi.

dada_wa_Tanga

Naomba kuuliza. Langu ni la aina hiyo hiyo, lakini lenyewe linazima likiwa la baridi, asubuhi tu, na likishapata moto linatulia siku nzima. Je, nianze na mpira huu huu?

fundi_mstaafu

Hapana, dada. La kwako limegeuka kichwa chini. Injini ya baridi inahitaji hewa na petroli ya ziada, kwa hiyo kwako ile vali ya sailensa ambayo ndugu spea_na_bei aliitaja inapanda na kuwa mtuhumiwa wa kwanza, pamoja na sensa ya joto la maji. Toa throto nzima, ioshe pamoja na vali kwa dawa ya kusafishia kabureta mpaka kilango cha ndani kizunguke bila kukwama, weka gasketi mpya, na hakikisha mipira ya maji inayopita chini ya vali haijaziba kutu, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayoipasha joto. Pima sensa kwa namba tulizotaja hapo juu. Kama rejeta inajazwa maji ya bomba badala ya kulanti, kutu utaikuta.

mwenye_110

Natoa mrejesho baada ya wiki tatu. Mpira mpya umefungwa, na sailensa imekaa kwenye mizunguko 750 ikiwa N. Gari halijazima hata mara moja, pamoja na ile Ijumaa ya mvua tuliyokaa foleni saa mbili na nusu AC ikiwa imewashwa. Sensa sasa inasoma 1.7 ikiwa ya baridi na 1.7 ikiwa ya moto. Plagi nilizisafisha kwa brashi na kuzirudisha, sikununua nyingine. Skrubu ya kipepeo ilirudishwa kwa kutumia mita, tukaigeuza mpaka swichi ya sailensa ilipofunga, na gari limeacha kujivuta.

Pampu ya zamani niliyotolewa na fundi wa kwanza nilikuwa nimeiweka stoo. Nimeipima kwa betri, inafanya kazi.

spea_na_bei

Mkuu, kama hiyo pampu huihitaji, mimi nina mteja.